Vikombe Viwili, Ulimi Mmoja

"Shikamoo. Naomba ulimi."

Fundi wa nyaya, jibaba la mabega mapana, akaweka kikombe chake kwenye kisahani cha chuma, akainama na kubandika ulimi kwenye kioo cha mashine. Mwanga wa bluu ukapita chini ya ulimi, mwekundu ukapita juu. Moja, mbili, tatu. Mrija mwembamba ukashuka na kudondosha tone moja kwenye maziwa ya soya. Ti! Tone lilikuwa jekundu kama damu. Likazama, na maziwa yakageuka rangi ya waridi.

"Ahsante. Umeongezewa tone moja. Siku njema."

"Na wewe pia, mrembo," akasema fundi, na foleni nzima ikacheka.

"Mrembo wako ana mume," akasema mama mmoja nyuma yake. "Sogea huko. Ulimi wenyewe mkubwa kama kandambili, umeziba kioo kizima."

Hivyo ndivyo mji wa Tukuyu ulivyoamka kila siku. Mashine mia mbili na kumi na mbili, kata zote, zilisoma ndimi za watu laki tatu kabla ya saa tatu asubuhi. Kila mashine iliitwa Kisomaulimi. Haikuwa na sindano wala mkono. Ilipitisha mwanga kwenye nyama ya ulimi mpaka kwenye damu, ikanusa pumzi, ikajua mtu anapungukiwa nini: madini ya chuma, vitamini D, au ile iliyosumbua watu kuliko zote, B kumi na mbili. Kisha ikadondosha kinachotakiwa, kwa kipimo cha mtu yule na si cha jirani yake. Ilisema kwa sauti ya mwanamke, sauti tulivu ya watu wa Rungwe, na ilimwamkia kila mtu shikamoo bila kujali umri. Watoto waliipenda kwa hilo. Walikuwa wanasukumana kwenye foleni ili wapate kuitikia "Marahaba!" kwa sauti nene.

Sauti ile ilikuwa ya Tusajigwe, fundi aliyeiunda.

Asubuhi hiyo Tusajigwe alikuwa kwenye chumba cha mafundi cha Bwalo la Kata ya Tano, nyuma ya kioo cheusi, akitazama ubao mkubwa ulioning'inia juu ya foleni. Ubao ulisema: UPUNGUFU MJINI: 0. Siku ya mia moja mfululizo. Saa sita mchana wageni kutoka miji saba wangefika kuiona sifuri hiyo kwa macho yao, na wakiridhika wangechukua mashine kwao. Watu milioni tisa. Alikuwa hajala. Alikuwa anakaa, anasimama, anafuta kioo ambacho hakina vumbi.

Sifuri ile haikuja kirahisi.

Miaka ishirini na mbili nyuma, Homa Kuu ilimaliza mifugo yote ya nyanda za juu. Ng'ombe, mbuzi, mpaka kuku. Watu walilia, kisha wakazoea. Chakula hakikukosekana. Kulikuwa na maharage, ndizi, viazi, parachichi, na uyoga wa kuchoma ambao mafundi waliukuza mpaka ukanukia kama mshikaki. Vitambi vilipungua. Presha ilishuka. Wengine walithubutu kusema homa ilikuwa baraka. Ilipofika mwaka wa nne, watu wakaanza kujikwaa.

B kumi na mbili haimo kwenye mchicha wala kwenye maharage. Hutengenezwa na bakteria, na zamani watu waliipata kupitia ng'ombe bila kujua. Ini la mtu huweka akiba ya miaka mitatu, minne, hata mitano. Mwili unakula akiba kimyakimya, na mwenye mwili anatamba mtaani kwamba yuko imara. Siku akiba inapokwisha, miguu inakufa ganzi. Mtu anasahau jina la mwanawe. Madaktari nao walichelewa kugundua, maana mboga za majani zina vitamini nyingine inayoifanya damu ionekane nzuri huku mishipa ya fahamu inaharibika.

Mama yake Tusajigwe alikuwa mshona nguo. Alipoteza vidole vikiwa bado mkononi mwake. Alijichoma sindano na hakujua mpaka alipoona doa kwenye shuka la mteja. Wakati huo Tusajigwe alikuwa fundi wa majokofu, shule aliishia kidato cha pili. Alijifunza mambo ya mwanga na damu kwa kuvunja na kuunganisha, miaka tisa. Mama hakuweza kuingoja hiyo mashine.

Kwanza mji ulitoa vidonge, kidonge sawa kwa kila mtu. Wengine walisahau kumeza. Wengine walimeza lakini matumbo yao hayakupokea. Mashine zilipoenea, miaka minne sasa, vidonge viliondolewa kwenye zahanati. Bakteria walifugwa kwenye mapipa makubwa kule bondeni, wakilishwa molasi, wakitoa ule wekundu. Watu wa Tukuyu waliyaita mapipa yale zizi.

Saa mbili mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Gwamaka, mumewe, dereva wa behewa la angani, lile linalopanda kwa waya kutoka sokoni mpaka mitaa ya juu mlimani. Koti lake lilikuwa linachuruzika mvua.

"Baba ameanguka tena."

"Wapi?"

"Bafuni. Alikuwa ananawa uso. Mara ya tatu wiki hii."

"Ameumia?"

"Paji la uso. Mama amemfunga kitambaa." Gwamaka akakaa juu ya sanduku la vifaa. "Jana kamwita Mama kwa jina la shangazi. Ndiyo hivyo. Uzee."

"Ana miaka sitini na sita. Uzee gani huo?"

"Sasa nisemeje? Mashine yako si inasema ni mzima?"

Tusajigwe akafungua kumbukumbu. Kila mtu mjini alikuwa na kikombe chake chenye namba kwenye kitako, na mashine ilimtambua mtu kwa kikombe. Kikombe cha baba mkwe wake, Mzee Ambakisye Mwasomola, kilikuwa namba 4417. Asubuhi elfu moja mia nne na kumi na mbili, zote kijani. Tone moja kila siku.

"Mzima kuliko mimi," akasema.

"Si nilikwambia. Na wanakula chungu kimoja na Mama. Mama mwenyewe anapanda ngazi kama msichana."

Tusajigwe hakuwa anamsikiliza tena. Kuna neno lilikuwa limemkwama.

"Ananawa uso, ndipo anaanguka?"

"Ee. Kila mara."

"Akitembea anaangalia nini?"

Gwamaka akafikiri. "Miguu yake. Tena anaitupa, kama anakanyaga godoro."

Tusajigwe akasimama. Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Miguu ikifa ganzi, macho ndiyo yanayomshikilia mtu asimame. Akifumba macho ili anawe uso, hajui tena sakafu iko wapi. Kwa hiyo kati ya mashine na miguu ya mzee, kimoja kilikuwa kinadanganya, na miguu haijui kudanganya.

"Umesema wanakula chungu kimoja," akasema, na akafungua kumbukumbu ya kikombe cha mama mkwe, namba 4416. Akaiweka kando ya ile ya mzee.

Jumatatu, mia nne kumi na mbili nukta tatu. Na mzee, mia nne kumi na mbili nukta tatu. Jumanne, mia nne na tisa nukta nane. Na mzee vilevile. Mwezi mzima. Mwaka mzima.

"Hata mapacha hawafanani hivi," akanong'ona.

"Labda ni mapenzi," akasema Gwamaka, akijaribu kucheka.

Ndipo walipomwona kupitia kioo cheusi. Mama Gwamaka alikuwa anafika mbele ya foleni, mwavuli kwapani, kikombe kimoja mkono wa kulia, kingine mkono wa kushoto. Mumewe alikuwa amepasuka paji la uso asubuhi ile, lakini vikombe havikukosa siku. Akaweka cha kwanza. Akatoa ulimi. Ti! Akakiondoa, akakifunika vizuri kwa kifuniko. Akaweka cha pili. Akatoa ulimi uleule. Ti!

Tusajigwe alitoka mbio mpaka akamkanyaga mtu.

"Mama! Kikombe hicho cha pili ni cha nani?"

"Jamani, ndiyo salamu hiyo?"

"Shikamoo, Mama. Cha nani?"

"Marahaba. Cha baba yenu. Cha nani tena?"

"Na ulimi?"

"Ulimi ni wangu. Ningeazima wapi mwingine?"

Watu wa karibu wakacheka. Tusajigwe hakucheka. Akamvuta pembeni, karibu na madebe ya uji.

"Mama, mashine inapima damu ya mtu mwenye ulimi. Tone unalompelekea Baba ni kipimo chako wewe."

"Sasa tatizo liko wapi? Tumekula chungu kimoja miaka arobaini na moja. Ninachokula mimi ndicho anachokula yeye. Ulimi wangu na wake una tofauti gani?"

"Tofauti iko tumboni! Wengine, tumbo huzeeka kabla ya mwenyewe. Vitamini inaingia na kutoka kama ilivyoingia. Wewe unatosheka na tone moja, yeye labda hamsini hayamtoshi. Mashine ingeliona hilo siku ya kwanza kama angekuja mwenyewe! Kwa nini haji?"

Mama Gwamaka akamtazama kana kwamba ameuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Aje atoe ulimi mbele yako?"

"Mimi sikai hapa. Nakaa kule ndani."

"Hukai hapa?" Mama akanyoosha kidole kwenye mashine. "Na huyo ni nani?"

"Shikamoo," ikasema mashine nyuma yao, kwa upole. "Naomba ulimi."

Tusajigwe akaisikia sauti yake mwenyewe kama mtu mwingine anavyoisikia. Kwa watu wa milima ile, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani, mwanamke huchepuka. Hamsalimii, hamtaji jina, haketi alipoketi. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na Tusajigwe aliishika miaka kumi na nne ya ndoa bila kukosea hata mara moja. Kisha akachukua sauti yake, akaiweka kwenye kila kata ya mji, imwambie kila mwanamume mwenye mvi atoe ulimi. Alirekodi maneno yale jioni moja kwa sababu msemaji waliyemkodi alichelewa. Wenzake wakasema ni nzuri, iache.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini? Kwamba baba yenu anakuheshimu?"

Mishipa ya fahamu ikishakufa haifufuki. Ikiwa imechoka tu, inaweza kurudi, lakini kila siku ina hesabu yake. Tusajigwe alijua hilo vizuri kuliko daktari yeyote mjini, maana aliwahi kuchelewa. Akarudi chumbani, akakamata kisomaulimi cha mkono, kile cha kupelekea wagonjwa wasioweza kutembea, na sanduku la vichupa vyekundu vya sindano. Akabonyeza kuwasha.

"Shikamoo. Naomba—"

Akachukua koleo, akang'oa kifuniko, akakata waya wa spika. Kikanyamaza.

"Gwamaka, behewa lako liko wapi?"

"Kituoni. Lakini zamu yangu ni saa tatu na—"

"Washa."

Behewa liliondoka likiwa na abiria wawili na dereva wake, jambo ambalo kanuni za mji hazikuruhusu. Mvua ilipiga vioo. Chini yao migomba ilipita kama mto wa kijani. Gwamaka alisukuma mkono wa mwendo mpaka ukagota, behewa likayumba, Mama akashika vikombe vyake viwili visimwagike.

"Polepole! Unataka tufe kabla ya mgonjwa?"

"Mama, vimwage tu," akasema Gwamaka.

"Nimwage maziwa? Mimi?"

Nyumba ya Mzee Ambakisye ilikuwa karibu na kituo cha nne. Tusajigwe akazunguka nyuma, akaingia jikoni, akasimama kando ya ukuta wa matofali. Sebule ilikuwa upande wa pili, katikati pazia. Gwamaka akaingia na kisomaulimi.

"Mwambie mke wako nimesikia hatua zake," sauti ya mzee ikatoka ndani, nzito na ya polepole. "Leo si siku ya wageni wake? Mbona ameacha kazi?"

"Baba, toa ulimi."

"Nini?"

"Ulimi, Baba. Weka hapa."

"Hicho kitasema."

"Hakisemi. Amekata sauti."

Matone ya mvua yaligonga bati.

"Amekata mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa koleo."

"Basi mwambie asogee mbali na hilo pazia."

Tusajigwe akageuka, akatazama masufuria. Moja, mbili, tatu. Aliwahi kungoja mashine yake mara nyingi, lakini sekunde tatu hazikuwahi kuwa ndefu vile.

"Ishirini na sita," Gwamaka akaita, na sauti yake ikapanda. "Tusa! Inasema ishirini na sita!"

Mtu huanza kuogopa akiwa chini ya mia mbili.

"Ulimi wake ukoje?" akauliza kwa sauti ya chini, akiulizia ukutani.

"Mwekundu. Laini kama jiwe la mtoni."

"Sindano. Msulini, sasa hivi. Kesho tena, na keshokutwa, kila siku wiki nzima."

"Nani amchome?"

"Wewe."

"Mimi naendesha behewa!"

"Mimi siwezi kuingia humo, Gwamaka, unajua siwezi!"

"Leteni hiyo," akasema Mama Gwamaka.

Alikuwa ameweka vikombe mezani na anakunja mikono ya blauzi. Kabla ya Homa Kuu, Mama Gwamaka alikuwa mchanjaji wa ng'ombe wa kata sita. Alikuwa hajashika sindano miaka ishirini na mbili. Akavunja shingo ya kichupa, akavuta ule wekundu, akagonga bomba kwa ukucha, hewa ikatoka.

"Geuka," akamwambia mumewe.

"Polepole basi."

"Ng'ombe hawakuwa na maneno kama wewe. Tulia."

"Ng'ombe ulikuwa unawaimbia."

"Ng'ombe walikuwa wananipa maziwa. Tayari. Umesikia kitu?"

"Sikusikia."

"Hilo ndilo baya," akasema Mama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakatika.

Jikoni, Tusajigwe alikaa chini juu ya kigoda. Walikuwa wamewahi. Labda. Alikuwa anataka kupiga kelele.

Mzee akakohoa.

"Gwamaka. Mwambie mkwe wangu hivi: na ndugu zangu je?"

"Ndugu zako wana nini, Baba?"

"Mimi peke yangu ndiye baba mkwe wake? Ukoo mzima ni baba wakwe zake. Unadhani Ambilikile atamtolea ulimi? Au Mzee Lwitiko? Wake zao wanabeba vikombe kama huyu hapa. Tulikubaliana siku ya kwanza kabisa mashine ilipoanza kusema."

Tusajigwe akaanza kuhesabu kwa vidole. Wanaume wa ukoo wa Mwasomola waliokuwa na umri wa kuwa baba zake: kumi na mmoja. Akafika kidole cha mwisho, akarudi nyuma, akahesabu tena. Kumi.

Mzee Lugano, wa kumi na mmoja, alikuwa amekufa masika yaliyopita. Aliteleza kwenye ngazi za kituo cha tatu wakati taa zimezimika. Watu walisema mvua. Wakasema viatu. Tusajigwe alipika msibani siku tatu, akalia pamoja na wengine.

"Alikuwa anaangalia miguu yake akitembea," akasema Mama Gwamaka taratibu upande wa pili wa pazia. "Kama mtu anatafuta kitu kilichodondoka. Tukawa tunamcheka."

Saa tano na nusu Tusajigwe alikuwa tena bwaloni, ameloa mpaka kwenye mifupa. Wauguzi wawili walikuwa tayari njiani kwa wazee tisa waliobaki, na visomaulimi bubu mkononi. Mwenyekiti wa mji, Bwana Sanke, mtu nadhifu mwenye tai ya njano, aliyekuwa ameshapata habari za wazee, alimkuta akifungua sanduku la mitambo.

"Unafanya nini? Wageni wako kituo cha kwanza!"

"Nakata sauti. Mashine zote."

"Kata kesho. Kumi katika laki tatu, fundi! Hiyo ni sifuri kwa hesabu yoyote."

"Kwa hesabu yako."

"Ngoja mpaka saa tisa waondoke. Nakuomba."

"Saa tisa mtu mwingine atakuwa ananawa uso," akasema Tusajigwe, akashusha swichi.

Mji mzima, mashine mia mbili na kumi na mbili, zikanyamaza kwa wakati mmoja. Kwenye foleni ya waliochelewa, mtoto mmoja aliyekuwa amejiandaa kuitikia akabaki mdomo wazi. Badala ya sauti, taa ndogo ya njano iliwaka juu ya kioo. Watu wakatazamana. Kisha ubao ukabadilika, maana Tusajigwe alikuwa amewahesabu wazee wote kumi kuwa na upungufu mpaka wapimwe wenyewe. UPUNGUFU MJINI: 10. Na chini yake, ukutani, Tusajigwe akaandika kwa mkono wake, kwa chaki, kwa sababu mashine haikuwa na nafasi ya neno hilo: AMEKUFA: 1.

Wageni walisimama mbele ya ubao ule muda mrefu. Mmoja wao, mama mfupi kutoka Mpanda, akauliza kama mashine ina kasoro.

"Mashine ni nzima," akajibu Tusajigwe. "Mimi ndiye niliyekosea. Kabla hamjaisimamisha kwenu, ulizeni kwanza ni nani asiyeweza kusimama mbele yake. Mimi sikuuliza."

Miji sita ilichukua mashine. Mmoja ulikataa. Bwana Sanke hakusema na Tusajigwe mwezi mzima.

Jioni ya siku ile ya wageni, kabla ya kwenda nyumbani, Tusajigwe alifungua kumbukumbu ya kikombe cha Mzee Lugano. Asubuhi ya siku aliyokufa, kikombe kilisoma kijani.

Wiki ya kumi tangu siku ile, mvua zilikatika. Asubuhi moja, Gwamaka aliingia chumba cha mafundi kwa hodi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Wanakuja," akasema. "Wote. Geuka."

Tusajigwe akageuza kiti, akaupa mgongo ule ukuta wa kioo. Nje bwalo likapungua kelele. Akasikia fimbo zikigonga sakafu, moja hapa, moja pale, na sauti ya Mama Gwamaka ikisema, "Sogeeni, acheni wapite, hawa ni watoto wachanga, wanajifunza kutembea." Watu wakacheka, na wazee wakacheka pia.

Fimbo ya kwanza ikasimama mbele ya mashine. Kikombe kikagota kwenye chuma. Moja, mbili, tatu. Ti, ti, ti, ti. Matone yakashuka mengi, mfululizo, hata watu wakaguna.

"Mama Gwamaka," sauti ya Mzee Ambakisye ikasema, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, maana mke wake alikuwa amesimama kando yake. "Mwambie mkwe wangu miguu imerudi. Nahisi sakafu mpaka hapa kwenye vifundo. Vidole bado. Daktari anasema vidole havitarudi."

"Atasikia," akasema Mama.

"Na mwambie ndaga, ahsante ya kwetu."

Tusajigwe akafunga mdomo kwa kiganja. Hakujibu, haikuwa mahali pake kujibu. Fimbo ikasogea, nyingine ikaja. Kikombe, ukimya, matone. Nyingine. Alikuwa anahesabu wazee kwa sauti ya vikombe kwenye chuma. Saba. Nane. Tisa, huyo alikuwa Ambilikile, alipiga chafya kwenye kioo na kulaumiwa na foleni nzima. Kumi.

Fimbo zikaanza kuondoka. Watoto wakarudi kwenye foleni, kelele zikarudi, mtu akauliza uji uko wapi. Gwamaka akamgusa bega.

"Wamekwisha. Unaweza kugeuka."

"Ngoja," akasema Tusajigwe.

Akabaki ameinamisha kichwa, akisikilizia kikombe cha Mzee Lugano, cha kumi na moja.